Shingo Iliyogeukia Ukutani

Ukumbi wa chini wa hospitali kuu ulikuwa umefurika asubuhi ile. Foleni ya dawa ilikuwa imekutana na foleni ya kadi, na zote mbili zilikuwa zimechanganyika na watu wanaosubiri lifti, hata haikujulikana nani anasubiri nini. Katikati ya msongamano huo alisimama mwanamke mwenye gauni la rangi ya udongo, lililokatwa vizuri kiunoni, na juu ya gauni kola nyeupe ya plastiki iliyomshika shingo kuanzia kidevuni hadi mabegani. Alikuwa fundi wa mapazia. Alianguka kutoka kwenye ngazi akitundika pazia katika jengo jipya, pingili moja ya shingo ikapata ufa, na kwa rehema za Mungu hakufa wala hakupooza. Lakini tangu siku hiyo aliuona ulimwengu wa mbele yake tu. Wa nyuma na wa chini aliusikia.

Lifti ilifunguka. Watu wakatoka kwa kusukumana, naye akarudi nyuma hatua moja kuwapisha. Hapohapo kitu kikapasuka sakafuni nyuma yake. Sauti ilikuwa ndogo sana. Kilichomtisha ni kimya kilichofuata. Watu waliokuwa wakibishana waliacha kubishana, na viatu vikasikika vikisogea mbali.

Hakuweza kuinamisha kichwa atazame. Akageuka mwili mzima, kama mlango unavyogeuka. "Jamani, nimevunja nini?"

Tangu avae kola, watu walikuwa wakimjibu kutoka popote waliposimama, kana kwamba sauti inatosha. Huyu hakufanya hivyo. Alizunguka, akaja kusimama mbele ya uso wake kabisa ili asihangaike. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye koti jeupe, kifungo cha pili kikining'inia kwa uzi mmoja, na kifuani alikumbatia sanduku lenye mfuniko, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Yai," alisema. "Yai tu, dada yangu."

"Mbona watu wamenyamaza kwa ajili ya yai?"

"Labda wana njaa."

Fundi alicheka, na kucheka kukamuuma. Hakuona macho ya yule mtu yalivyoshuka tena sakafuni. Pale chini hapakuwa na kiini cha njano kama cha yai la kukaanga. Palikuwa na wavu wa nyuzi nyekundu, nyembamba kuliko nywele, uliotandazwa juu ya utando, na katikati ya wavu palikuwa na nukta iliyokuwa ikidunda. Ilikuwa bado inadunda mlango wa lifti ulipowafungia wote wawili ndani.

Walikuwa wanakwenda sakafu moja, ya chini kabisa. Njia nzima fundi aliomba radhi kwa kumgonga, na yule mtu njia nzima alizipokea radhi hizo bila kusema neno.

*

Chumba cha vipimo kilikuwa mwisho wa korido ya chini ya ardhi, ambako taa ni zilezile asubuhi na jioni. Daktari wa shingo, mama wa makamo mwenye sauti ya mwalimu mkuu, alikuwa akifanya utafiti juu ya shingo zilizoumia. Alitaka kujua kwa nini mfupa ukishaunga bado kichwa cha mtu hupotea njia. Alimkalisha fundi kitini, akamvua kola taratibu, akamvalisha kofia yenye kitaa chekundu, akamfunga macho kwa kitambaa cheusi. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kusikia. Ageuze kichwa kidogo, kisha akirudishe pale anapodhani ni katikati, na kitaa kingeonyesha ukutani alipofika.

Fundi alifanya alivyoambiwa, mara nyingi, mpaka akachoka.

"Hapo ndipo katikati?" aliuliza daktari.

"Ndipo. Hapo shingo inatulia."

Alipofunguliwa macho aliona doa jekundu likiwa kushoto kabisa, kwenye ukuta wa pembeni. Daktari alikuwa ameweka alama kila mahali doa liliposimama, na alama zote zilikuwa zimelundikana mahali pamoja, kama sindano zilizochomwa kwenye kifundo kimoja cha kitambaa. Alikuwa ameeleza mapema kwamba wagonjwa wengine husimama huku na kule, kila mmoja na upotevu wake. Huyu alikuwa harudi popote ila hapo.

Fundi aliuliza nyuma ya ukuta ule kuna nini.

"Chumba cha mayai," alijibu daktari bila kuinua kichwa. "Usitafute maana. Shingo iliyoumia husema uongo."

Fundi alipotoka, yule mwanamume wa lifti alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha pili. Alisema anasubiri mtu. Fundi akatoa sindano na uzi kwenye mkoba, vitu asivyotoka bila kuwa navyo, akamshonea kile kifungo palepale koridoni, akiwa ameinua mikono hadi usawa wa macho kwa sababu chini hakuona. Walikuwa karibu sana. Koti lilinuka spiriti, na chini ya spiriti kulikuwa na harufu ya joto, kama ya kiota.

"Huyo unayemsubiri atakuja saa ngapi?" aliuliza fundi, akikata uzi kwa meno.

"Amekwisha kuja."

*

Wasafishaji wa korido ile walimwita yule mwanamume wa lifti Mzee wa Mayai, ingawa hakuwa mzee. Alikuwa mtafiti wa uvimbe. Siku aliyomkaribisha fundi chumbani kwake aliona aibu kidogo, kama mtu anayeonyesha nyumba isiyofagiliwa. Kulikuwa na kabati la joto lenye mlango wa kioo, na ndani yake mwanga mwekundu hafifu. Mayai yalikuwa yamesimamishwa safu kwa safu. Kila yai lilikuwa na dirisha dogo lililokatwa juu, likafunikwa kwa selotepu inayoonyesha ndani.

Alimweleza kwa maneno ya kawaida. Ndani ya kila yai mishipa ya damu inakwenda na kazi yake ya kumlea kifaranga. Yeye huweka juu yake chembe ya uvimbe uliotolewa kwa mgonjwa, ndogo kuliko kichwa cha pini, kisha anasubiri. Baada ya siku chache mishipa inaacha njia yake. Inapinda na kuifuata ile chembe kutoka pande zote, kama spoki zinavyoufuata mhimili wa gurudumu la baiskeli. Ikishafika, uvimbe unapata damu na unakua. Kazi yake ilikuwa kutafuta dawa ya kuifanya mishipa iwe kiziwi.

"Nani anaiita?" aliuliza fundi.

"Uvimbe wenyewe. Una njaa. Unatoa wito, na mishipa haijui kukataa."

"Huo wito unasikikaje?"

"Hausikiki, fundi wangu. Ni kemikali tu."

Fundi alisimama mbele ya kioo, kichwa kikiwa wima ndani ya kola, mwanga mwekundu ukimkaa shavuni. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemea, "Unasikika."

Mtafiti alicheka, lakini vinyweleo vya mikono vilimsimama. Ndipo naye fundi akacheka, akageuza mambo kuwa utani. Alisema haya madirisha yote hayana hata pazia moja, ndiyo maana wageni wabaya wanaingia. Wiki iliyofuata alileta pazia zito la rangi ya damu ya mzee, akalitundika mlangoni kuzuia mwanga wa korido. Hakupanda ngazi. Mtafiti alipanda, yeye akitoa amri kutoka chini.

Mapenzi yao yalikulia kwenye simu. Kola haikumruhusu fundi kuweka simu sikioni, kwa hiyo aliiweka mezani na kufungua spika, na nyumba ilikuwa ndogo, na shangazi yake aliyekuwa akimuuguza alikuwa na masikio mazuri.

"Umekula, mpenzi?" aliuliza mtafiti.

"Amekula," alijibu shangazi kutoka jikoni. "Na wewe je, au unashiba kwa kuyatazama hayo mayai?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Endelea unachotaka kusema, mimi sisikii."

Siku moja mtafiti aliwasimulia kwamba daktari wa shingo ameishiwa shingo nzima za kulinganisha na zile zilizoumia, hivyo anakamata yeyote anayepita koridoni. Alikuwa amemkamata mlinzi, amemkamata msafishaji, na yeye mwenyewe alilazwa ndani ya bomba la mashine ya picha kama maiti kwenye jeneza, pua ikimwasha asiweze kuikuna. Shangazi alisema jina la jeneza lisitajwe nyumbani kwake. Fundi alimuuliza kama kweli ana shingo nzima, maana kila akimwona anaikunja na kuisugua. Mtafiti alisema ni kuinama kwenye hadubini kutwa nzima. Walisikia kikombe kikianguka upande wake wa simu.

"Nini tena?"

"Vidole vimelala. Hadubini hiyohiyo."

Kisha akasema jambo lililomnyamazisha hata shangazi. Alisema Jumatatu kola itakapovuliwa, fundi avae vizuri, kwa sababu ana swali la kumuuliza. Angeweza kuliuliza zamani, lakini alitaka aliulize siku ambayo fundi ataweza kutikisa kichwa na kukataa, kama akipenda.

"Mwanaume mstaarabu huyu," alisema shangazi, na usiku ule sala yake ilikuwa ndefu.

*

Ijumaa alasiri, daktari wa shingo aliingia chumba cha mayai akiwa na kompyuta yake. Alikuwa na picha ya shingo asiyoielewa. Picha za utafiti hazikuwa na majina, zilikuwa na namba tu, na majina yalikuwa yamefungiwa katika ofisi nyingine ili wasomaji wasimpendelee mtu. Aliiweka mezani.

"Wewe ni mtu wa mishipa. Hii ni ya kawaida?"

Mtafiti aliinama. Mifupa hakuitazama, kwa kuwa hakuijua. Maisha yake yote alikuwa ametazama ndani ya mayai. Alitazama mishipa. Upande wa kushoto wa picha, kando ya pingili moja, mishipa ilikuwa imeacha njia yake. Ilikuwa imepinda kutoka pande zote kuifuata nukta nyeupe, kama spoki. Alikuwa ameona umbo lile maelfu ya mara, lakini hajawahi kuliona ndani ya mtu.

"Ni uvimbe," alisema. "Unakula."

Daktari alishusha pumzi. Ndicho alichokihofia. Alisema Jumatatu asubuhi ataomba jina lifunguliwe, na mpaka wakati huo neno lisitoke chumbani humo, kwa sababu jambo kama hilo linapaswa kumfikia mwenyewe kwa utaratibu, si kwa uvumi wa koridoni. Akaitwa kwa simu, akatoka haraka, picha akaiacha wazi.

Mtafiti alibaki peke yake na mwanga mwekundu. Kushoto. Katika mayai yake, cha kushoto ni cha kushoto. Akakumbuka alama zilizolundikana kwenye ukuta wa jirani, shingo iliyokuwa ikirudi upande ule siku zote na kutulia. Akakumbuka kauli ya fundi mbele ya kioo, kwamba wito unasikika. Alikuwa na hakika ni shingo ya nani.

Wazo baya zaidi lilifuata. Yeye ndiye aliyemleta mbele ya lile kabati. Akili yake ya shule ilimwambia kwamba uvimbe haurukii mtu kupitia kioo, lakini alipoyatazama mayai aliona kana kwamba yote yamenyamaza kumsikiliza. Alivuta lile pazia, akapiga magoti kwenye saruji. Hakuwa na maneno mengi. Alisema, "Mungu wangu, mwondolee jambo hili. Kama ni lazima likae mahali, liweke kwangu."

Aliposimama, vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimelala kabisa, akavikunjua kwa mkono wa kushoto.

*

Jumamosi hakupiga simu. Fundi alipompigia, alipokea baada ya mlio mrefu.

"Nimemaliza kushona gauni," alisema fundi. "La buluu. Nimelikata shingo wazi, ili na yenyewe ionje hewa."

Upande wa pili kulikuwa na pumzi tu.

"Mzee wa Mayai, upo?"

"Nipo. Fundi, Jumatatu usinisubiri."

"Una kazi?"

"Hapana." Hakuweza kumwambia ukweli, na uongo mwingine hakutaka kumwambia. "Tuache kwanza."

"Kuna mtu mwingine?"

"Kuna kitu," alisema, na simu ikakatika.

Fundi alibaki akiitazama simu mezani, kwa sababu ilikuwa mbele yake na hakuwa na pengine pa kutazama. Baadaye shangazi alikuja, akakaa kwenye kiti kilicho mbele yake. Kwa mara ya kwanza hakuwa na la kuongeza. Alimshika mikono, wakasali bila kutaja jina la mtu.

Jumatatu kola ilivuliwa. Fundi alitoka na gauni la buluu, shingo ikiwa wazi, nyembamba, nyeupe kidogo mahali plastiki ilipokuwa. Kichwa alikiona kizito kama mtungi uliojaa. Kola ilikuwa kwenye mfuko mkononi. Alikwenda moja kwa moja hadi chumba cha mayai, akasimama nje ya pazia alilolishona mwenyewe. Aliona viatu vya mtafiti chini ya upindo.

"Leo naweza kugeuka," alisema. "Naweza kugeuka nikaondoka bila kukutazama nyuma. Lakini nataka unieleze kwanza. Hicho kitu ni nini?"

Viatu havikusogea. "Siruhusiwi."

"Nani amekukataza kuniambia hunipendi?"

"Laiti ingekuwa hivyo." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia. "Fundi, nimeona picha ya shingo yako. Kuna uvimbe. Upo kushoto, pale unapogeukia. Nimeuona unavyoita."

Korido ilikuwa ndefu na tupu. Fundi alipeleka mkono shingoni mwake, akaikuta na joto, na mshipa ukidunda chini ya kidole. Alifumba macho. Akili yake haikuwaza kifo. Iliwaza kwamba huyu mtu alikuwa amekaa siku tatu na jambo hili peke yake nyuma ya pazia.

"Funua," alisema.

Mtafiti alikuwa bado anafunua pazia daktari wa shingo alipotokea, akitembea polepole kuliko kawaida yake. Aliwatazama wote wawili, akamwomba fundi awapishe, ana jambo la siri na mwenzake.

"Amekwisha kujua," alisema mtafiti. "Nisamehe. Nimemwambia."

"Amejua nini?"

"Uvimbe wa shingo yake."

Daktari hakuelewa, kisha akaelewa, na uso wake ukabadilika kwa namna ambayo fundi hakuisahau maisha yake yote. Aliingia, akafungua kompyuta, akaigeuzia kwao ile picha.

"Shingo hii haijawahi kuvunjika," alisema. "Nilidhani unaona, ndiyo maana sikukuambia. Ni mojawapo ya zile nzima. Na wewe umeisoma kama unavyosoma mayai yako. Picha ya mtu hutazamwa kama vile amekaa mbele yako anakutazama. Kushoto kwako ni kulia kwake." Alivuta kiti. "Kaa chini, kaka yangu. Ninyooshee mkono wa kulia."

Mtafiti alikaa. Aliunyoosha mkono. Vidole viwili havikunyooka.

Nyuma ya kioo mayai yalikaa katika mwanga wake. Fundi aligeuza kichwa kumtazama, akakigeuza mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza tangu aanguke, wala hakutambua kwamba amegeuka.

*

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Madaktari walisema wangeziba kwanza mishipa inayoulisha uvimbe, kwa mrija mwembamba kama uzi unaopitishwa kutoka pajani hadi shingoni, kisha wangeutoa. Huenda mkono usirudi. Huenda na miguu. Kama ni uvimbe wa kusambaa au wa kukaa mahali pamoja, wasingejua mpaka wautoe.

Mtafiti aliwaza sana juu ya sala yake. Alimsimulia fundi, na fundi, kwa kuwa hamfichi kitu, akamsimulia shangazi. Daktari alisema picha ilipigwa kabla ya sala, na vidole vilianza kulala kabla ya picha. Shangazi alisema Mungu anaweza kumjibu mtu kabla hajaomba, hilo halimsumbui. Linalomsumbua ni kijana kusali sala ya aina ile bila kumuuliza mkubwa.

Katika wodi, usiku wa kuamkia upasuaji, fundi alikaa kitandani na kumkumbusha kwamba ana swali lake.

"Sikuulizi sasa," alisema mtafiti. "Ukikubali leo, utakuwa umenihurumia."

"Sawa. Basi nitakuuliza mimi. Nitasubiri siku ambayo huwezi kutikisa kichwa."

Saa ya upasuaji ilipofika, daktari wa shingo alimkuta fundi akienda na kurudi koridoni. Alimwambia kuliko kuzichosha sakafu, aje akamalize kipimo chake cha mwisho. Fundi alikaa kitini, akavalishwa kofia, akafungwa macho. Aligeuza kichwa, akakirudisha. Daktari alitazama ukuta wa kushoto, hakuona kitu. Akatazama katikati. Kisha akainua macho.

Doa jekundu lilikuwa darini.

"Rudi katikati, mwanangu," alisema daktari kwa upole.

"Nipo katikati."

Daktari hakumfungua. Alikuwa amefanya kazi hiyo miaka mingi na alikuwa na maneno ya kueleza karibu kila kosa la shingo, lakini alijua ni chumba gani kilicho juu ya dari ile, sakafu kadhaa kwenda juu. Alikaa na kalamu mkononi bila kuweka alama. Fundi alibaki ameinua kidevu, midomo ikisogea kwa sala isiyo na sauti, koo lote wazi. Doa lilitetemeka darini kwa muda mrefu. Mara moja liliruka pembeni, likahangaika kama nzi, na fundi akashika mikono ya kiti kwa nguvu. Kisha likatulia. Likaanza kushuka, polepole, kwa mstari ulionyooka, likafika katikati ya ukuta wa mbele, likakaa.

Hapo ndipo simu ya daktari ilipolia. Kabla hajaipokea, fundi alikuwa amekwisha kuanza kulia, na hakikuwa kilio cha msiba.

*

Uvimbe ulikuwa wa aina isiyosafiri. Miguu ilikuwa mizima. Vidole viwili havikuamka, na huenda visiamke. Mtafiti alisema ana vingine vinane vya kukatia madirisha.

Siku ya kuruhusiwa, shangazi alitangulia nje kutafuta teksi. Mtafiti alitembea polepole kukatisha ukumbi wa chini, kola nyeupe ikiwa imemshika kidevu, fundi akiwa ubavuni mwake na lile gauni la buluu. Foleni ya dawa ilikuwa imekutana na foleni ya kadi, kama siku zote. Walipofika karibu na lifti alisimama.

"Kuna jambo sijakuambia. Siku ile hukunigonga. Hukunigusa hata kidogo. Ni vidole vyangu vilivyoliachia lile yai. Nilikuacha uombe radhi kwa sababu nilipenda sauti yako."

"Na halikuwa yai tu."

"Halikuwa yai tu. Kulikuwa na moyo. Ulikuwa unadunda pale sakafuni, na uliendelea kudunda mpaka lifti ikajifunga. Sijui uliacha lini."

Fundi alimshika ule mkono wenye vidole vilivyolala. Wakati huo, nyuma yao, watu walinyamaza ghafla, kimya kilekile. Mtafiti alitaka kugeuka, kola ikamzuia.

"Ni nini?" aliuliza. "Niambie kilivyo."

Fundi aligeuza shingo, akatazama juu ya bega lake. "Lifti imefunguka. Haina mtu. Taa inaonyesha imetoka chini, kwenu." Alitazama zaidi. "Inajifunga. Inafunguka tena, kama inayomsubiri mtu."

"Unaogopa?"

"Kidogo."

"Na mimi."

"Basi sikiliza." Alizunguka, akaja kusimama mbele ya uso wake kabisa, kama alivyofanyiwa siku ya kwanza, akalikinga kwa bega lake jicho la mtafiti lililokuwa likihangaika kutafuta pembeni. "Huwezi kutikisa kichwa. Ndiyo siku niliyoisubiri. Nioe. Mimi nitakutazamia nyuma, wewe nitazame mimi."

"Fundi, siwezi hata kuitikia kwa kichwa."

"Una mdomo."

Aliutumia. Alisema ndiyo, kwa sauti iliyozidi kidogo ile aliyoikusudia, na ikasikika ukumbi mzima. Foleni ya dawa ikageuka, foleni ya kadi ikageuka, waliokuwa wakiitumbulia macho lifti wakageuka, shingo zote za ukumbi ule, isipokuwa yake.